Leso Moja, Gauni Moja: Mazungumzo na Wazazi na Mafundi wa Uriri

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza na mikutano ya vikundi, Kaunti Ndogo ya Uriri



Mazungumzo ya leo si ya barabara wala ya pembejeo. Ni ya nguo ya mtoto, mahali anapolala, na vitu vidogo ambavyo mkono wa mzazi unaweza kumtengenezea. Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye nafasi. Lakini kila Desemba nguo za watoto hutoboa mfuko wa nyumba, na Januari mfuko huo huo hutakiwa kutoa sare, viatu na vitabu. Jambo linalotoboa mfuko si dogo.

Chukulieni mfano wa mama mwenye watoto 3, wasichana wawili na mvulana mmoja. Miwa imelipwa, naye ametenga shilingi 4,500 za nguo za Krismasi. Anapanda gari hadi mjini Migori, ananunua nguo 3 mpya za dukani kwa shilingi 1,500 kila moja, na pesa zote zinaisha kabla ya saa saba mchana. Nguo ni nzuri. Watoto wanafurahi. Lakini kufikia Pasaka gauni la mdogo limepanda juu ya magoti, na zipu ya mkubwa imekatika.

Sasa tuseme mama huyo huyo amebaki hapa Uriri. Ananunua leso pea moja kwa shilingi 700. Leso moja inatosha gauni la binti wa miaka 7, na ya pili inatosha la binti wa miaka 4 na kubaki. Fundi anamtoza shilingi 400 kwa kila gauni. Kwa mvulana, anachagua kwenye mitumba shati zuri la mtu mzima kwa shilingi 150, na fundi analipunguza kwa shilingi 350. Suruali ya zamani ya baba inakuwa kaptula kwa shilingi 300. Jumla ni shilingi 2,300. Zimebaki 2,200 za sare ya Januari, na katika hizo alizotumia, shilingi 1,450 zimeingia mfukoni mwa fundi wa papa hapa sokoni, ambaye naye ana watoto.

Bei hizi ni za mfano. Kila mtu aweke bei za soko lake, apige hesabu upya. Kinachobaki ni swali lenyewe: pesa ya nguo ya mtoto inaenda wapi, na inarudi na nini?

Mitumba ni adui au ni malighafi?

Wazee wetu wanakumbuka wakati pamba ililimwa pande za Homa Bay na Kendu Bay, na kiwanda cha KICOMI mjini Kisumu kikafuma vitambaa. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba iliingia kwa wingi. Pamoja na matatizo mengine ya viwanda vyenyewe, viwanda vingi vya nguo nchini vilishindwa kuendelea, KICOMI kikiwa kimojawapo.

Mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Kenya ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017. Rwanda ilishikilia, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilizuia mitumba kwa miezi michache, kisha ikairuhusu tena Agosti mwaka huo huo.

Historia hiyo inaonyesha kwamba mitumba haitaondoka kesho, na akina mama wengi wanaoiuza Oyani, Rapogi na Uriri wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Basi fundi asiitazame kama adui tu. Aitazame kama kitambaa. Shati la pamba la mtu mzima lina kitambaa kizuri kuliko nguo nyingi mpya za bei ya chini. Limeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo halitarudi ndani, na rangi iliyokuwa itoke imeshatoka. Kinachokosekana ni mkasi, kipimo na mtu wa kuona gauni ndani ya shati.

Namna ya kuona gauni ndani ya shati

Shati la mwanamume likikatwa kola na mikono, sehemu ya vifungo hugeuzwa ikawa mgongo wa gauni la msichana. Vifungo na vitundu vyake vipo tayari, na hiyo ndiyo kazi inayomchukua fundi muda mrefu. Mikono iliyokatwa hutoa mifuko na mkanda. Suruali ya mtu mzima huchakaa magotini na makalioni, lakini kitambaa cha kuanzia chini ya goti kushuka mara nyingi huwa kizima. Hapo ndipo kaptula ya mtoto mdogo inapotoka, ikitiwa lastiki kiunoni badala ya zipu.

Leso nayo ina utaratibu wake. Upana wake ni kama mita moja na urefu ni kama mita moja na nusu. Pindo lake liwekwe chini ya gauni, kwa sababu ndilo pambo lenyewe, na mji wa leso uwe kifuani. Kabla ya kukata, yasomwe maandishi. Leso nyingine hubeba maneno ya kumsuta jirani, na si vizuri mtoto wa chekechea avae ugomvi wa watu wazima kifuani.

Mtoto wa kati ya miaka 3 na 10 hurefuka kwa takriban sentimita 5 hadi 7 kila mwaka. Fundi anayekunja upindo wa sentimita 2 amemshonea mtoto wa leo. Anayekunja sentimita 8 na kuacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni amemshonea na wa mwaka ujao. Upindo ukifunguliwa na mstari wa zamani ukaonekana, ufunikwe kwa utepe au kipande cha rangi nyingine. Watu watadhani ndiyo mtindo, na kweli utakuwa mtindo.

Kuna jambo ambalo ni la usalama kuliko urembo. Watoto wetu wengi huzunguka karibu na mafiga na jiko la makaa. Kitambaa cha nailoni au polista kikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kabla ya kununua, ombeni uzi mmoja na mwuchome mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na polista hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Hata pamba huwaka, kwa hivyo mikono mipana yenye marinda haifai kuvaliwa jikoni. Mtoto akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia visipakwe.

Kamba za kukaza kofia za sweta pia zina hatari. Hunasa kwenye mlango wa gari, kwenye ua, kwenye tawi, na zinaweza kumkaba mtoto. Marekani ilitoa mwongozo dhidi ya kamba hizo kwenye nguo za watoto mwaka 1996. Sweta nyingi za mitumba bado huja nazo. Kuzivuta na kuzitoa ni kazi ya dakika moja. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 3, vifungo vidogo na shanga za kupachika viachwe, maana kila kilicho kifuani huishia mdomoni.

Chandarua kwanza, pambo baadaye

Katika boma la Mjaluo wa zamani, wasichana na watoto wadogo walilala siwindhe, nyumba ya nyanya. Huko ndiko walikosikiliza hadithi, wakategeana vitendawili na kufundishwa adabu. Kwa hiyo wazo la kwamba mtoto awe na mahali pake halikutoka kwenye televisheni. Lilikuwepo hapa. Kilichobadilika ni nyumba. Leo familia nyingi zina vyumba viwili, na watoto hutandikiwa godoro sebuleni, kando ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, wageni wakishaondoka.

Nyumba kama hiyo haihitaji chumba kizima ili kumpa mtoto heshima. Inahitaji kona. Leso iliyochakaa ikitiwa kamba juu huwa pazia la kugawa. Kreti ya mbao ya matunda kutoka sokoni, ikipigwa msasa, huwa rafu ya vitabu au sanduku la nguo. Kamba moja ukutani, kwenye kimo cha macho ya mtoto, pamoja na vibanio vya nguo, huonyesha michoro yake ya wiki. Mtoto anayeona mchoro wake ukining'inia hujua kwamba kazi yake ina thamani kwa baba na mama.

Nyumba ya udongo isidharauliwe. Ukuta uliosiribwa vizuri, ukapakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu, na mistari ya majivu katikati, ni pambo ambalo nyanya zetu walilijua na ambalo halimdai mtu hata shilingi. Mikeka ya togo, yaani mafunjo, kutoka pwani ya ziwa upande wa Homa Bay, huzuia baridi ya ukuta ikitundikwa kando ya godoro.

Kwa anayepaka rangi ya dukani, anunue mkebe wenye alama ya ubora ya KEBS, asinunue rangi isiyo na jina. Risasi iliyomo katika baadhi ya rangi hudhuru ubongo wa mtoto, na ndiyo maana viwango vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 katika kila milioni. Rangi ya zamani inayobambuka isikwanguliwe ikiwa kavu watoto wakiwa ndani.

Lakini kabla ya pazia, rafu na rangi, kuna chandarua. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima. Pambo lolote linalofanya chandarua kifungwe juu kama fundo, au kisifike chini ya godoro, limemgharimu mtoto kuliko lilivyompa. Ndoano ya chandarua ndiyo kitu cha kwanza kupigiliwa kwenye kona hiyo. Chandarua chenye dawa hufuliwa kwa sabuni ya kawaida ya kipande na kuanikwa kivulini, si juani. Mama akitaka kukirembesha, ashone utepe wa rangi kwenye ukingo wa juu. Asikitoboe wala asikikate.

Vitu vizito navyo visiwekwe juu ya kichwa cha anayelala. Kinyago cha mawe ya Tabaka kinapendeza, lakini mahali pake ni kwenye rafu ya chini.

Kazi za mikono za likizo

Masalio ya kitambaa chini ya meza ya fundi ni mali. Vipande vya mraba vikiunganishwa huwa blanketi la mtoto mchanga. Fulana zilizochakaa zikikatwa vipande virefu na kufumwa kwa sindano kubwa ya kufumia huwa zulia la kuweka kando ya godoro, ili mguu wa mtoto usikanyage saruji baridi alfajiri. Mwanasesere wa vitambaa, macho yakitariziwa kwa uzi badala ya vifungo, ni salama hata kwa mdogo. Mkebe wa gorogoro ukisuguliwa kingo zake zisikate huwa chungu cha maua au cha sukumawiki mlangoni. Tairi kuukuu linaweza kuwa kiti, mradi litobolewe chini. Tairi linalotuama maji ni nyumba ya mbu.

Tangu mtaala wa CBC ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, wazazi wamelalamika kwamba watoto hutumwa vifaa vya sanaa usiku usiku. Malalamiko hayo yana msingi. Dawa moja ni sanduku la nyumbani: vipande vya vitambaa, uzi, vifuniko vya chupa, makatoni, mbegu kavu na waya. Likijazwa kidogo kidogo, mtoto akisema mwalimu anataka kitu cha kutengeneza kesho, hakuna atakayekimbilia dukani na mia mbili saa mbili usiku.

Na sindano si ya wasichana peke yao. Mafundi wengi wa cherehani katika masoko yetu ni wanaume. Mvulana wa miaka 7 au 8, mtu mzima akiwa karibu, anaweza kujifunza kupachika kifungo na kushona mshono uliofumuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nguo ni hivyo hivyo. Mshono wa sentimita 2 usiposhonwa Jumatatu, Ijumaa nguo ni kitambaa cha kupangusia.

Kutoka nyumbani hadi biashara

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Yote manne yaliwekwa katika kifungu kimoja, na mtu akitafakari ataona kwamba yanahusiana. Mama anayeshona anahitaji mahali pa kumwacha mtoto. Mtoto wa chekechea anahitaji sare na pambo la darasa. Kijana wa chuo cha ufundi anahitaji kazi ya kushona. Wananchi wana haki ya kuyadai haya manne katika vikao vya ushiriki wa umma wakati bajeti ya kaunti inapoandaliwa. Anayetaka cherehani ziongezwe katika chuo cha wadi yake, mahali pa kusema ni hapo, na wakati wa kusema ni kabla bajeti haijapitishwa.

Kuna mafundi wazuri walioshona miaka 15 bila karatasi. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, ushonaji ukiwemo. Cheti hicho hakiongezi ustadi wa mkono, lakini hufungua milango ambayo mkono peke yake haufungui.

Kikundi kilichosajiliwa cha akina mama, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka Uwezo Fund, iliyozinduliwa mwaka 2013. Pia kinaweza kujisajili katika mpango wa AGPO, ambao unawatengea makundi hayo matatu asilimia 30 ya ununuzi wa serikali. Taasisi za umma hununua mapazia, mashuka na sare za wafanyakazi. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi hata kuomba.

Neno moja kwa mafundi wenyewe. Wateja wengi hulalamika juu ya tarehe kuliko bei. Nguo iliyoahidiwa tarehe 20 Desemba ikatoka tarehe 27 imeshapoteza siku yake, na mteja huyo mwaka ujao atapanda gari kwenda mjini. Afadhali fundi akatae kazi 5 kuliko kuharibu 10.

Na neno kwa wazazi: fundi hulemewa Desemba na Januari, kisha cherehani yake hupata vumbi. Pelekeni kazi likizo ya Agosti. Nguo ikatwe wakati huo, upindo uachwe mnene, malipo yatolewe kidogo kidogo. Fundi atakula Septemba, nanyi Desemba mtabaki na pesa ya sare. Mkirudi nyumbani leo, fungueni sanduku la nguo. Tafuteni shati moja ambalo halivaliwi tena, lishikeni mbele ya mtoto, mpime kama gauni limo ndani yake.